Mtu Aliyekataa Nyuso

Mwinjilisti hakupenda kitu chochote chenye macho ambacho Mungu hakukiumba mwenyewe. Ukimpa chakula na kijiko cha mti kilichochongwa kichwa cha ndege mwishoni, alikiweka pembeni akala kwa mkono. Ukimkaribisha nyumbani na ukutani kuna kalenda ya duka, ile ya mwanamke wa Kizungu anayeichekea sabuni, aligeuza kiti mpaka kalenda ikabaki mgongoni kwake. Hakusema kitu. Lakini wenye nyumba walimwona anavyogeuza kiti, na kesho yake kalenda ilikuwa imetoka ukutani, hata kama hawakuwa watu wa kanisa lake.

Huku mtaani kwetu Tshopo kila mtu alimwita hivyo tu, Mwinjilisti. Hata Waislamu. Hata walevi. Jina alikuwa nalo, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia, na mimi sitaliandika. Naandika habari zake kwa sababu tangu Jumapili iliyopita naamka kabla ya jogoo na kumfikiri, na kwa mdomo siwezi kumwambia mtu. Kwa mdomo siwezi kitu. Masera, mtawa anayetufundisha, anasema mimi ni gramafoni iliyonyimwa sahani. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka pia ili wasinitazame.

Kabla ya kuongoka Mwinjilisti alikuwa mchongaji. Hakuficha. Watu walikuwa wanatoka mbali kwa pirogi mtoni na kwa miguu kuja kumwagiza sanamu: za wazee waliokufa, za pacha aliyebaki peke yake, za mwanamke anayetafuta mtoto. Wanaozikumbuka wanasema hakuziremba. Aliweka uso mdogo, mkavu, lakini ukikaa nao chumba kimoja wewe mwenyewe ulianza kusema kwa sauti ya chini. Baadaye akaacha. Alichoma zote alizokuwa nazo, na vifaa akaviacha, maana alisema shoka halikutenda dhambi. Akawa anachonga vinu, miko, makasia ya wavuvi wa maporomoko, na viti.

Viti vyake vilijulikana kwa kuyumba. Sababu ni kwamba mti una mafundo, na fundo likitoka kwenye ubao mara nyingine linafanana na jicho. Mwinjilisti akiona jicho alilichonga mpaka liondoke, na kama lilikuwa katikati ya mguu wa kiti, mguu ule ulibaki mwembamba. Papa yangu, yaani baba, alikuwa navyo viwili. Jirani yetu, mwenye kuuza samaki wa kukauka, alikuwa nacho kingine, na siku moja alimsimamisha njiani.

"Papa Mwinjilisti, kiti yako iko na miguu tatu na nusu."

"Jicho ilikuwa pale."

"Jicho ya nani?"

"Ya muti."

"Alors umepofusha muti, na miye njo naanguka."

Mwinjilisti aliupeleka mkono kwenye paji la uso, na kwake huko ndiko kucheka, akachukua kiti begani. Alikirudisha kikiwa na mguu mpya. Hakutaka malipo, ila alikuwa amekuta jicho lingine kwenye mguu wa pili, kwa hiyo kiti kiliendelea kuyumba, upande mwingine.

Watoto wa mtaa walimtania pia, na yeye aliwaruhusu. Walimfuata nyuma ya velo, baiskeli yake, wakiuliza, "Papa Mwinjilisti, noti iko na picha. Utachoma noti?" Alisimamisha velo, akaweka mguu chini, akafikiri kama vile swali limetoka kwa askofu.

"Hakuna mutu anapiga magoti mbele ya noti."

"Twende soko, utaona," alisema mmoja wao.

Wenzake walianguka kwa kicheko. Mwinjilisti alipanda velo akaenda. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya soko, na alisema wazo lile amepewa na mtoto ambaye hata suruali hana. Nilimpenda siku ile. Hakuwa mtu anayeiba maneno ya watoto na kuyafanya yake.

Mimi nasoma kwa masera, kwa sababu msichana akitaka kuendelea na masomo ya juu hapa mjini hakuna kwingine. Kwa hiyo asubuhi nilipiga magoti mbele ya Bikira Maria wa plasta mwenye joho la buluu, na jioni nilikaa kwenye mkeka wa nyumba yetu nikisikiliza Mwinjilisti akimfundisha Papa kwamba plasta ni udongo wa Wazungu, basi. Nilipata njia yangu ya kupita katikati: shuleni nilisali nikiwa nimefumba macho. Masera waliona ni ibada kubwa. Walinisifu mbele ya wengine, na mimi nikazidi kuyafumba kwa aibu.

Mwaka mmoja, kwenye msafara wa Maria, nilikuwa kati ya wasichana wa nguo nyeupe tuliotupa maua njiani. Sanamu ilikuja nyuma yetu mabegani mwa wanaume. Tulipopita karibu na nyumba ya mwalimu wa chuoni, anayefundisha watoto wa Kiislamu, nilimwona amesimama mlangoni, na karibu naye Mwinjilisti. Watu wale wawili walikuwa hawapatani kwa lolote. Walibishana juu ya nyama, juu ya siku ya kupumzika, juu ya nani Mungu atamsikia kwanza. Lakini sanamu ilipokaribia, wote wawili waligeuka pamoja wakaupa mgongo msafara mzima. Migongo miwili, kanzu na koti, imetulia kabisa. Sisi tulipopita nilisikia mwalimu anasema, "Miye niligeuka wa kwanza." Na Mwinjilisti akajibu, "Uligeuka juu ya kuniona."

Niliogopa atanigombeza. Jioni alikuja kwetu kama kawaida, akanikuta nimekaa nje na nguo ile ile nyeupe, miguu imejaa vumbi.

"Ulichoka?"

"Ndiyo, Papa."

"Ile njia iko ndefu kwa batoto. Bangewapa maji."

Akaingia ndani kusema na baba yangu. Nilibaki pale sijui nifikiri nini. Mtu aliyeupa mgongo wimbo wetu wote alikuwa ameona kwamba hatukupewa maji.

Sasa niseme juu ya moto wake, maana ndio uliomfanya ajulikane mpaka mtaa wa Mangobo na upande wa pili wa mto.

Wengine wanaofanya kazi kama yake huingia nyumba ya mtu wakachukua hirizi, sanamu, pembe, mafurushi ya dawa, wakatoka navyo wakipaza sauti. Yeye hakufanya hivyo. Aliwasha moto mchana, kwenye mchanga wa mto Tshopo chini ya barrage, ule ukuta unaozuia maji, mahali ambapo maji yanapiga kelele na nzi weusi wadogo wanauma. Mwenye kitu alikileta mwenyewe. Mwenye kitu alikitupa kwa mkono wake mwenyewe. Mwinjilisti hakugusa, hakusukuma, hakuhubiri. Alisimama na kungoja. "Nikichoma miye, umepoteza kitu," alikuwa anasema. "Ukichoma weye, umeacha kitu."

Siku moja bibi mmoja kutoka upande wa Mto Lindi alileta sanamu iliyofungwa kwa kitambaa. Alipoifungua, wale waliokuwa karibu waliona Mwinjilisti amebadilika rangi. Ilikuwa kazi yake. Bibi hakujua, ile sanamu aliipata kwa dada yake. Alimwuliza, "Niweke namna gani, Papa?" Mwinjilisti akamwambia, "Ilaze uso chini." Bibi akailaza uso chini. Papa yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Alisema Mwinjilisti hakuondoka pale mpaka ikaisha yote, na alipoondoka alilisahau koti lake mchangani, Papa akamfuata nalo.

Papa yangu ni komi, karani anayeandika vitabu vya hesabu vya duka la Mgiriki mmoja. Ni mtu mpole. Mama yangu alifariki lopitalo, yaani hospitali, siku chache baada ya kumzaa mdogo wangu Alfoni. Alituachia picha moja. Ilipigwa na fundi mmoja kutoka pwani ya magharibi ya Afrika aliyekuwa na chumba karibu na soko, na mapazia yaliyochorwa ngazi na mitende. Mama amesimama wima, ameshika mkoba wa ngozi ambao ni mali ya fundi. Viatu pia ni vya fundi, ni vikubwa. Hacheki. Fundi alikuwa amewaambia watu wasipumue.

Papa aliitundika picha ile juu ya meza. Mwanzoni alikuwa anaisalimu tu. Asubuhi, "Mama Alfoni, nimeenda." Jioni, "Mama Alfoni, nimerudi." Mimi niliona ni vizuri. Halafu akaanza kuiuliza mambo. Kama tununue mchele au mihogo. Kama akubali kazi ya Jumamosi. Alisimama mbele yake, akangoja, akaondoka na jibu. Akaanza kuiwekea sahani. Lituma ya ndizi na samaki, kwenye sahani ya maua, na sisi tulikula baadaye. Alfoni alikua akifikiri kila mama duniani anakaa ukutani.

Siku Alfoni aliposhikwa na homa, shingo ikakakamaa na macho yakageuka, mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule. Nilimkuta Papa amekaa mbele ya picha, mtoto yuko mkekani anatoa sauti ndogo.

"Papa, tumupeleke lopitalo."

"Mama yako anakataa."

Sikuweza kusema tena. Nilikwenda kusimama mlangoni nikilia bila sauti, na pale ndipo Mwinjilisti aliponikuta, alikuwa anapita na kinu cha kuuza kwenye velo. Wakati ule bado hakuwa rafiki wa nyumba yetu. Aliangalia juu ya bega langu akaona mtoto.

"Kwa nini iko hapa mutoto huyu?"

"Mama yake anakataa lopitalo," Papa alisema. "Alikufa kule."

"Nani anakataa?"

Papa alionyesha ukuta. Mwinjilisti hakuangalia alipoonyeshwa. Alishusha kinu, akachukua kitenge kilichokuwa kwenye kamba, akamfunga Alfoni mgongoni kama mwanamke anavyobeba, akapanda velo kwenda lopitalo. Wanaume waliokaa kwenye baa za njiani walimpigia vigelegele vya kumcheka njia nzima. Alfoni alipona. Sikio moja halisikii. Ukitaka kumwambia kitu lazima uende upande wa kulia.

Mwinjilisti alirudi na kitenge kimekunjwa. Hakumpigia Papa kelele. Alikigeuza kiti ili picha iwe mgongoni kwake, akakaa, akauliza, "Kesho akikuambia umutupe mutoto kwenye maji, utamutupa?"

Papa alilia mbele yetu. Tangu siku ile akawa mtu wa Mwinjilisti, akaanza mafundisho ya ubatizo. Na kila mtu alijua, bila kutangazwa, kwamba kabla ya maji kuna moto, na kwamba katika nyumba yetu kitu cha kupeleka motoni ni kimoja.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Nisiseme uongo: nilikuwa naona Mwinjilisti ana haki. Nilikuwa nimesikia ile sauti ndogo mkekani. Na bado usiku niliomba barrage ivunjike, mto uje uufunike mchanga wote.

Tulikwenda Jumamosi mchana. Papa alifunga picha kwa gazeti, akaibeba kifuani. Watu hawakuwa wengi. Kulikuwa na mama mmoja na furushi lake, na kijana mchezaji wa mpira aliyekuja na hirizi ya mguu. Alipoitupa alisema, "Bon. Tukifungwa kesho, musinitafute." Watu walicheka, hata mimi, kwa woga.

Zamu ya Papa ilipofika, alifungua gazeti. Alishika picha kwa mikono miwili. Gazeti likamtoka likaingia motoni peke yake. Akageuka kwa Mwinjilisti.

"Siwezi, juu haiko yangu. Iko ya mutoto. Damu ni yake. Miye nilikuwa bwana tu."

Mwinjilisti alinigeukia. "Basi mutoto," alisema.

Papa akaniwekea picha mkononi. Watu wote wakanitazama. Katika maisha yangu hakuna ninachokichukia kama kutazamwa. Nilipiga hatua moja mbele, joto likanigusa magoti, na pale nikasimama. Nilifikiri: nikiitupa, Papa atabatizwa, atapona kichwa chake, Alfoni atakuwa na baba anayemsikia. Nikiitupa, sitaona uso wa mama tena mpaka nife. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililosogea kumpisha mwenzake.

"Tupa tu, mwanangu, twende tupike," alisema mama wa furushi.

"Mwache," alisema mchezaji.

"Namwacha, lakini jua linaenda."

Mwinjilisti alikuwa ameangalia mto. Hakunihimiza. Angeweza kuichukua mkononi mwangu, na naapa nisingeshika kwa nguvu. Angeweza kuhubiri. Alisimama tu, akifukuza nzi, na moto ukala kuni zake. Hakuna aliyeongeza. Watu walianza kuondoka, mmoja mmoja, wengine wakicheka chini chini. Mwisho tulibaki sisi watatu na majivu.

"Moto imekwisha," alisema Mwinjilisti. "Murudi nyumba."

Papa hakubatizwa. Mtaani walisema Mwinjilisti ameshindwa na msichana asiyejua kusema. Wakamwuliza, na mwuza samaki alinisimulia alivyojibu: "Hakusema ndiyo. Hakusema apana. Ningefanya nini, nimufundishe kusema uongo?"

Sijui kama nilitenda vizuri, na siandiki hapa ili mtu aniambie. Natoa tu habari za baadaye. Papa hakuitundika picha tena. Alinipa, akasema ni yako, weka. Nikaiweka kwenye sanduku la nguo zangu. Hakuiuliza kitu tena wala hakuiwekea sahani. Lakini pia aliacha kusema na sisi. Anarudi kwa Mgiriki, anakula, anamwangalia Alfoni anavyocheza. Kumbe maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yanapitia pale ukutani, na njia ilipofungwa hakutafuta nyingine. Mwinjilisti aliendelea kuja kumsalimu. Walikaa wawili kwenye viti vinavyoyumba bila kusema, kama watu wanaongoja treni.

Macho ya Mwinjilisti yalianza kuharibika wakati huo. Kwanza alikuwa anajikuna sana, kisha akawa hawezi kuona jioni, kisha mboni zikaingia kitu kama maziwa. Watu walifurahi kutafuta sababu. Wakatoliki wengine walisema ni Maria. Wazee walisema ni wale aliowachoma, wamekuja kuchukua macho aliyowaondolea. Mwalimu wa chuoni, ambaye naye angeweza kusema neno baya, aliwakemea wote. "Wavuvi wangapi wanaoumwa na nzi wale pale mtoni wamekuwa vipofu?" aliuliza. "Wao walichoma nini?" Kila Ijumaa alimpelekea Mwinjilisti mkate, na wakabishana.

Asiyeona hawezi kuchonga kiti, lakini yeye alichonga. Nilimkuta siku moja kwenye lupango, uani kwake, anapitisha kidole gumba juu ya mguu wa kiti, anatafuta mafundo. Kiti kile kilikuwa kizuri, kimesimama sawa. Mama Mwinjilisti, mke wake, aliniambia kwa siri kwamba sasa mafundo yote yanabaki, kwa sababu kwa kidole jicho na fundo ni kitu kimoja, na mzee amechoka kuuliza.

Jumapili iliyopita Papa na Alfoni walikuwa wamekwenda mpira. Mama Mwinjilisti alimleta mumewe, akamkalisha uani kwetu, akasema anapita kwa mgonjwa hapo karibu, atarudi. Nilimpa maji. Jua lilikuwa kali, na yeye alikuwa amevaa lile koti.

"Papa yako iko?"

"Ameenda mpira, Papa."

"Najua. Nilikuja juu yako."

Nilikaa kwenye ngazi.

"Ile foto. Ungali nayo?"

"Ndiyo."

"Unasemaka naye?"

"Apana, Papa."

"Unaiangalia tu."

"Nilikuwa naangalia kila jioni. Sasa nimeacha."

"Juu ya nini?"

Labda kwa sababu haoni. Labda kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. Nilianza kusema, na maneno yakatoka yote, sijawahi kusema mengi hivyo mbele ya mtu. Nilimwambia kwamba zamani nilikuwa na mama mwingine kichwani. Alikuwa anatwanga, ananuka moshi wa samaki, ana sauti. Nikaangalia picha kila jioni ili nisimsahau. Na polepole yule wa picha akamfukuza yule mwingine. Sasa nikifunga macho nikamwita mama, anayekuja ni mwanamke mwenye mkoba usio wake na viatu vya watu, amekaza mdomo, hapumui. Anakuja huyo tu. Nilimwambia, "Ulikuwa na haki, Papa. Ningetupa."

Aliweka kikombe cha maji chini.

"Ilete," alisema.

Nilimletea. Aliipokea kwa vidole vyote, akaitafuta pembe zake, akapitisha kidole gumba katikati.

"Uso iko wapi?"

Nilimshika kidole nikakiweka. "Hapa."

"Hapa?" Alikipeleka juu, akakirudisha chini. Akajaribu tena. "Haina pua. Haina kitu. Iko karatasi."

"Ndiyo, Papa."

"Miye nilisimamisha mutoto mbele ya moto juu ya karatasi." Hakusema kama anayeomba msamaha. Alisema kama mtu anayepima mbao akakuta kipimo kimekataa. Alinirudishia picha. "Zile za mti, nilichoma zote. Unajua? Zote. Na naziona. Tangu macho imefungwa zinakuja karibu zaidi. Naona mpaka pale kisu iliteleza, kwenye sikio ya moja, nilikuwa kijana." Alitikisa kichwa. "Weye uliweka, haiko. Miye nilichoma, iko yote. Donc sijui nilifundisha batu nini."

Kuku walipita kati yetu.

"Mama yako," akasema, "ule wa kweli. Uso yake ilikuwa namna gani?"

"Siwezi kusema, Papa. Watu wanasema nimefanana naye."

Aliinua mkono. Uliishia hewani, kati yangu na yeye, ukabaki pale. Alikuwa ameufungua lakini hakuuleta mbele zaidi, na niliona utabaki hivyo hivyo mpaka mkewe arudi. Nikatoka kwenye ngazi, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikaushika mkono nikauweka kwenye paji langu.

Hakunigusa kama mzee anavyomgusa mtoto. Aliupitisha mkono taratibu, kwa uzito, kutoka paji mpaka kwenye mfupa wa jicho, akarudi, akateremka pembeni ya pua. Mkono wa pili ukaja. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Vidole vilifika kwenye midomo vikasimama upande wa kushoto, vikabonyeza kidogo, vikaenda kulia, vikarudi kushoto.

"Hapa," alisema. "Alikuwa anacheka hapa. Upande moja."

Na mimi nikamwona. Ameinama kwenye kinu, mchi umesimama, shangazi amesema kitu cha kuchekesha, na mdomo wa mama unapanda upande mmoja tu, kushoto, kabla sauti haijatoka. Hakuwa na mkoba. Sikumwambia Mwinjilisti, lakini nadhani alihisi chini ya vidole, kwa sababu uso wangu ulisogea.

Aliiondoa mikono kwa haraka. Ikabaki mbele yake, imejikunja kidogo, gumba moja linakwenda na kurudi hewani kana kwamba limeshika kisu juu ya mti. Aliisikia inavyofanya. Akaiteremsha, akaiingiza chini ya mapaja, mmoja huku na mwingine huku, akaikalia.

Tulikaa hivyo. Mama Mwinjilisti aliporudi alimkuta ameikalia mikono, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya koti.

"Weye, unasikia baridi?" alimwuliza.

Mwinjilisti akasema ndiyo.